Mashine Iliruhusiwa Kukatala

Ku soko la Kasongo watu wananionyesha kidole. Wanasema: yule njo Rachida, mwanamuke aliyekalia shimo la zahabu kule nyuma ya kijiji cha Wamaza mpaka zahabu ikakimbia. Wengine wanatia chumvi eti nilivua nguo. Aka! Nilikuwa na vikwembe viwili mu kiuno na kitambaa mu kichwa, na nilikaa na adabu yangu yote, vile mutu anakaa ku kilio. Lakini mukitaka kutoa habari muitoe yote, na musianze na mimi. Muanze na shemeki yangu Cirhuza. Mimi nilikaa tu. Yeye njo alikuwa anaenda kufa.

Cirhuza alioa mudogo wangu Cadette. Ni Mushi, mutu wa kabila la Bashi kule Walungu, murefu, mwembamba, na kicheko chake kinafika kabla hujamaliza kusema. Mutu muzuri. Nasema wazi: muzuri mpaka anakasirisha, juu ya vile tangu nimemujua hakuwa anajua kusema hapana. Wajomba wetu walipopanga mahari waliitisha mbuzi, akasema ndiyo. Wakarudi kuongeza radio, akasema ndiyo. Mujomba mumoja, mwenye kupenda vya bure, akakumbuka eti baiskeli yake iko na matairi mabovu, na shemeki yangu akajibu: "Ndiyo, baba, nitaangalia matairi." Nikamuita pembeni. "Wewe," nikamuambia, "mutu akikuomba meno yako utamuuliza kama anataka ya juu ao ya chini!" Akacheka sana. Na matairi aliyaleta.

Karieri yetu, mahali pa kuchimba, iko nyuma ya Wamaza, upande wa Kabambare. Pikipiki inakufikisha mpaka kijijini; kutoka hapo ni miguu yako na Mungu wako. Cirhuza alikuwa anachimba mu shimo la Gérard Kitenge. Kule mwenye shimo tunamuita PDG, hata kama iko na suruali moja. Mimi na Cadette tulikuwa tunapika chini, karibu na kijito: bugali, sombe, na samaki wa Lualaba waliokauka mpaka unaweza kuvunja nao dirisha. Mu karieri hakuna mutu mwenye roho yake imetulia. Mvua ikinyesha unasikiliza mulima, jua likiwaka unasikiliza mulima. Ukisikia kelele kule juu, kila mwanamuke anaacha chungu na kuanza kutafuta mutu wake kwa macho. Cadette alikuwa anakoroga bugali akiangalia kilima, na bugali lake, naomba radhi kwa mudogo wangu, lilikuwa na mabonge siku zote.

Gérard si mutu mubaya. Nitasema kweli hata kama bado niko na hasira naye. Mbele ya mambo haya, shimo lake lilifukia watu wawili, baba na mutoto wake, na ku maziko alilia mbele ya watu wote bila kuficha uso. Akawaapia wajane eti hatatuma tena mutu mahali pasipojulikana. Wanaume wengi wanaapa ku maziko. Yeye alitimiza: alishuka Kasongo, akazungumza na kampani fulani ya kukodisha mashine, akarudi na roboti.

Ilikuwa na ukubwa wa mbuzi. Badala ya miguu ilikuwa na minyororo kama katapila, jicho moja mbele, na mukono mumoja wenye vidole vitatu. Chakula chake ni jua, kupitia mabati meusi waliyotandika juu ya nyasi. Na haikuwa mashine ya kuongozwa kwa kubonyeza. Ilikuwa na akili yake. Unaiambia tu iende mpaka mwisho wa njia, na yenyewe inachagua pa kukanyaga, inanusa hewa, inasikiliza kuta, inabomoa jiwe na kulileta juu. Ilikuja na enjenia mumoja kijana wa Lubumbashi, jina lake Aristote, mwenye viatu vyeupe. Viatu vyenyewe havikumaliza siku ya kwanza.

Sasa, pikipiki ilifika Wamaza ikasema basi. Nani aliibeba ile mashine mu mugongo, kupanda na kushuka, mpaka karieri? Hakuna haja ya kuniuliza. Wenzake walimucheka njia nzima: "Eh, Cirhuza! Mashine imekuja kutupumuzisha, na imeanza kwa kupumuzika juu yako!" Yeye akicheka nao, jasho likimutiririka mpaka mu viatu.

Wachimbaji waliiita Kadogo, vile wakati wa vita waliita watoto waliotangulizwa mbele na bunduki. Jina hilo sikulipenda, lakini lilishika.

Siku ya kwanza hakuna aliyekula vizuri. Walizunguka chungu changu wakiangalia ile kitu imekaa mu jua, imenyamaza. Joël ndiye aliuliza. Joël ni mutu wa Wamaza, baba wa mapacha, rafiki wa Cirhuza wa kufa na kuzikana. Mihogo yake haikutosha watu wa nyumba yake, ndipo akaingia mu shimo.

"Enjenia," akasema, "ikishajua kazi yetu, sisi tutaenda wapi?"

Aristote akajibu vizuri, bila majivuno. "Hamutaenda mahali, kaka. Itatangulia tu. Kwenye hewa mubaya, itaingia yenyewe. Kwenye ukuta mulegevu, yenyewe. Ninyi mutafuata pahali pamekwisha kuonekana."

"Kule Kinshasa nilisikia waliweka roboti ya kusimamisha magari barabarani," mumoja akasema.

"Na polisi wakakufa njaa?"

"Polisi? Polisi hawafi njaa!"

Wakacheka, na kucheka kuliwasaidia kumeza. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza: mutumwa gani huyu, hali, halipwi, hachoki, hana mama wa kumulilia? Na kama tunaona ni vizuri kutuma mutumwa wa namna hiyo, mioyo yetu itazoea nini? Lakini nikaona mudogo wangu Cadette anakoroga bugali bila kuangalia kilima, mara ya kwanza tangu tufike, nikafunga kinywa changu.

Na kweli, ilifanya kazi. Kwa muda mrefu hakuna aliyekwaruzwa hata goti. Asubuhi Kadogo inashuka, inatambaa, inarudi; Aristote anasoma ku tabuleti yake, anasema njia hii ndiyo, njia ile hapana; wanaume wanafuata. Jioni Cirhuza anaipangusa matope kwa kitambaa. Anaipigapiga mu mugongo: "Aksanti, Kadogo. Umefanya." Nilimutania eti ataiombea muke.

"Yaya Rachida," akasema, vile tunaita dada mukubwa, "nani anajua kama haisikii? Kutoa aksanti hakuna kazi."

Huyo ndiye Cirhuza.

Kisha ikafika siku ile. Ilikuwa imenyesha mvua ya siku mingi. Wanaume walishuka kula, lakini hawakukaa. Walikuwa wanakula wamesimama, wakienda na kurudi na sahani mu mukono. PDG Gérard alikaa ku kibao changu, na Aristote mbele yake na tabuleti. Ku kioo kulikuwa picha: ukuta mweusi, na ndani yake mushipa wa jiwe jeupe, munene kama paja la mutu, na ndani ya jeupe, manjano. Hata mimi mpika sombe niliona.

"Ileteni, basi," PDG akasema.

"Imekatala," Aristote akasema.

"Nani amekatala?"

"Mashine. Inafika pale kwenye kona, inasikiliza, inarudi. Nimeituma tena, inarudi. Inasema ukuta unatembea."

"Ilazimishe."

"Haiwezekani, PDG. Walioiunda walitia sheria mu akili yake: haiendi mahali inaona haitarudi. Hata mimi, hata mwenye kampani, hakuna wa kuivunja ile sheria."

Gérard akasukuma sahani. "Nimekodi mashine ya kuingia kwenye hatari, nayo inaogopa hatari?"

"Haiogopi. Inakatala."

"Tofauti ni gani?"

Aristote akajikuna shingo. "Ikipotea kule chini, PDG, utaletewa fakture ya kulipa mashine nzima. Ni ya bei kali. Ndiyo maana."

Hapo nilishindwa kujizuia. Nilikuwa nimeshika mwiko na nikaona mwiko umekwisha kumuonyesha Gérard usoni. "Na mutu akipotea?"

Gérard aliniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, na sauti ilitoka ya chini, ya mutu aliyechoka. "Mama Rachida, mutu hana fakture."

Wallahi, nafikiri mwenyewe aliposikia neno lake alishituka, maana aliangalia chini. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na ile manjano ilikuwa bado inawaka ku kioo. Akageuka. Hakutafuta kwa macho, alijua pa kuangalia. "Cirhuza. Wewe uko mwembamba. Ingia, leta jiwe, toka. Jiwe la kwanza nusu ni lako."

"Ndiyo, PDG," Cirhuza akasema, na akaendelea kutoa mwiba mu samaki.

Hivyo tu! Kama ameambiwa akateke maji! Nilimuangalia mudogo wangu. Alikuwa amesimama na kipande cha bugali mu mukono, kinadondoka vipande vipande ku miguu yake. Wanaume walipoanza kupanda kilima, akanishika kwa vikwembe vyangu.

"Yaya, yeye hatasema. Sema wewe."

"Nimekwisha kusema, umenisikia."

"Basi fanya."

Kwa wenye hawajafika karieri nieleze kitu kimoja. Mwanamuke hakaribii mudomo wa shimo. Sisi tunauza chakula chini, na chakula kikipoa ni shida yako. Wanasema zahabu ikisikia mwanamuke inazama na kukimbia. Na akigusa mudomo wenyewe, shimo limeharibika: hakuna mwanaume anatia muguu mule mpaka wazee wa udongo waje kuliosha. Mimi ni mwislamu, mambo hayo siyaamini hata kidogo. Lakini nilijua wao wanaamini, na hiyo ilinitosha.

Nilipanda. Waliponiona walianza kupiga kelele, "Mama, rudi! Mama, huko hapana!" na wengine wakarudi nyuma kama nimebeba ukoma. Hakuna aliyethubutu kunishika, juu wao pia wangeharibika. Cirhuza alikuwa amekwisha kuvaa tochi mu kichwa. Joël alikuwa anamufunga kamba mu kiuno, na mafundo yalikuwa yanamukatala. Ile mashine ilikuwa pembeni, safi, kavu, jicho linaangalia. Nikasema bismillahi nikakaa ku mudomo wa shimo, miguu ndani. Hewa ya baridi ilipanda mu miguu yangu mpaka mu tumbo. Niliogopa, tuseme kweli. Nilikamata nyasi kwa mikono yote miwili.

"Kadogo ilisema hapana na mukaisikia," nikasema. "Sasa munisikie na mimi."

Walinitukana kwa Kiswahili, kwa Kibangubangu, kwa Mashi, na nafikiri kulikuwa na Kifaransa kidogo. Gérard alishika kichwa. Nilikaa mpaka nikasikia kweli wameanza kuuliza nani ataenda kuita wazee. Ndipo nikasimama, nikajipangusa vumbi, nikashuka kwenda kuosha vyungu vyangu. Katikati ya kilima nikakaa, nikashuka kwa matako kama mutoto.

Nilifikiri shemeki yangu atakuja kunishukuru. Alikuja, ndiyo. Sijamuona Cirhuza akiwa vile. Hakucheka. Alisimama mulangoni mwa kibanda chetu cha hema, akipigapiga paja lake kwa mukono, anaenda hatua mbili, anarudi.

"Umenifanya mutoto," akasema. "Mbele ya wote. Mwanamuke amekaa juu ya shimo langu."

"Nimekufanya muzima."

"Nani alikuomba?"

"Muke wako. Na wewe, juu ya nini hukusema? Kitu cha chuma kimesema! Kitu hakina mama!"

"Kile kimepewa haki ya kukatala, yaya. Waliokiunda walikipa. Sisi nani alitupa?"

"Mungu alikupa kinywa."

Cadette alikuwa ndani, anasikia yote. Kisha Cirhuza akakaa chini kwenye udongo, akaanza kusema bila kuniangalia.

Wakati wa vita, akasema, watu wa bunduki walimukuta njiani na kaka yake mukubwa, Musafiri. Wakawaonyesha mizigo: bebeni. Musafiri akasema hapana, mugongo unaniuma. Hakuwa anafanya ushujaa, mugongo ulikuwa unamuuma kweli, alikuwa ameanguka mu muti wiki ile. Wakamupiga risasi palepale, kinywa bado wazi. Cirhuza akabeba muzigo wake na wa kaka yake, mpaka kule walikokuwa wanaenda, na waliporudi akabeba tena.

"Kwa hiyo usiniambie habari ya kinywa," akasema. "Nikitaka kusema lile neno, koo linafunga. Mwili wenyewe unasema ndiyo mbele yangu. Nikisikia 'Cirhuza', mimi nimekwisha kuinuka."

Mimi Rachida, ninayejibu mpaka muezini, nilimuwekea tu chai. Hakuinywa. Cadette alitoka akakaa karibu naye, bega kwa bega.

Nilimuomba Cirhuza tuondoke. Turudi Kasongo, nikasema, baiskeli haikosekani, mutu anaweza kusukuma mafuta ya mawese mpaka Nyangwe, hafi. Akasema ndiyo, bila shaka! Alisema ndiyo kwangu, kisha PDG akatuma mutu kumuambia abaki, akasema ndiyo kwa PDG. Ungefanya nini na mutu wa namna hiyo? Nilitaka kumupiga na chungu.

Wazee wa udongo walikuja wakati mvua ilikuwa imekatika kidogo. Ni lazima mukosaji naye awepo, asimame mahali wanamuonyesha, aombe musamaha mbele ya wote, ndipo shimo lifunguke. Kwa hiyo nilikuwepo, na nilichoona nimekiona kwa macho yangu. Waliniweka ku jiwe moja mbali kidogo na mudomo. Wakamwaga pombe, wakachinja kuku mweupe, wakasema maneno ya Kibangubangu ambayo mengine nayajua na mengine sijui. Nikaomba musamaha. Niliomba vizuri kabisa, na moyoni nikasema ningekaa tena kesho.

Gérard hakungoja damu ikauke. Akaamuru mashine itangulie. Tulisikia minyororo yake ikienda, ikienda, kisha kimya, kisha tukaisikia inarudi. Ikatoka na matope ku jicho. Aristote alitingisha kichwa kabla ya kuangalia tabuleti.

"PDG," akasema, "mimi niandike tu kwamba nimesema. Ukuta unatembea kuliko siku ile."

"Umesema," Gérard akasema. "Nimesikia." Na akatafuta kwa macho. Alimufikia Cirhuza, nami nikaona Cirhuza ameinuka kweli, mwili umeinuka mbele yake. Lakini Gérard akampita. "Wewe uko na mukosi wa shemeki yako. Joël, ingia. Cirhuza atashika kamba."

Joël alichukua tochi. Nilifikiria mapacha wake. Nilikuwa nimewabeba wote wawili ku Wamaza, mumoja ananivuta sikio, mwingine analala.

Sasa, kamba. Mu shimo kila muchimbaji iko na mutu wake wa kamba, wa kubaki juu na kumushika. Si wa kupangiwa na PDG. Ni wa kuchaguana wenyewe kwa wenyewe, na mukishachaguana ni kama kuoana. Joël alikuwa wa Cirhuza, Cirhuza alikuwa wa Joël. Unaweza kubadilisha PDG, unaweza kubadilisha shimo, lakini hushuki na kamba mu mikono ya mwingine, na mwingine hawezi kushika kamba ya mutu. Kwa hiyo kila mutu mu karieri anajua: mwenye kushuka hawezi kujikatalia, atasemwa mwoga. Lakini mwenye kamba, akiona mvua, akiona ufa, anaweza. Wengi hawafanyi, juu ni kumunyima mwenzako mukate. Na PDG alijua nani anashika kamba ya Joël. Ndiyo maana alimuchagua. Mutu asiyejua kusema hapana!

Joël akajifunga mwenyewe safari hii, fundo lake lilikuwa zuri. Akatoa ncha ya kamba. Cirhuza akaipokea, akaizungusha mu mukono mara moja, mara mbili, vile wanafanya. Nikaangalia kama nitafika ku mudomo kabla ya Joël. Nilikuwa mbali, na wazee walikuwa wamesimama katikati.

Joël akakaa ku mudomo, miguu ndani. Akageuka kumuangalia mutu wake wa kamba, vile wanafanya pia, mara moja kabla ya kushuka.

Cirhuza akaanza kufungua kamba mu mukono wake, polepole, mara mbili, mara moja. Kamba ikaanguka chini ku matope.

"Okota kamba," Gérard akasema.

Cirhuza akafungua kinywa. Hakuna kitu kilitoka. Shingo yake ilikaza, mishipa ikasimama.

"Cirhuza. Nimesema okota."

Akafunga macho. Aliyafunga kwa nguvu mpaka uso wote ukakunjamana, akainamisha kichwa, akaweka mikono yote miwili juu ya masikio, na akasema.

"Hapana."

Ilikuwa sauti ndogo, ya mutoto. Hakuna aliyejongea. Gérard akaangalia wanaume, mumoja kwa mumoja, na kila mumoja akaweka mikono yake nyuma. Akaangalia ile kamba mu matope kama anafikiri kuiokota mwenyewe, kisha akamuangalia Joël, na Joël alikuwa amekwisha kutoa miguu mu shimo. Aristote alijifanya anapangusa tabuleti.

Na shemeki yangu bado alikuwa amesimama pale, macho yamefungwa, mikono ku masikio, anangoja risasi kama ile ya Musafiri. Nilipita katikati ya wazee, na kama nilikanyaga damu ya kuku wanisamehe. Nikamushika mukono, nikautoa ku sikio. Ulikuwa baridi. Akafungua jicho moja, kisha la pili. Akaangalia mbele, akaangalia Joël, akajiangalia kifua.

"Yaya," akaniuliza, "nimesema?"